Uzi wa Kijani kwenye Siti ya Tatu

Magari yalikuwa mawili, na yalifanana kama wadogo zangu pacha: kwa mbali huoni tofauti, mpaka ukae nao ndipo unajua yupi huiba sukari. Aina moja, mwaka mmoja, injini ya ukubwa mmoja, safu tatu za siti, watu saba. La kwanza lilikuwa jeupe, mali ya mama mmoja mkunga aliyepata uhamisho wa kazi. La pili lilikuwa la kijivu, mikononi mwa dalali ambaye nyumbani tulimbatiza Bwana Uhakika, kwa kuwa hakuwahi kumaliza sentensi bila neno hilo.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo miezi minne kabla, shahada ya takwimu, na kazi nilikuwa bado naitafuta. Baba, mwalimu mstaafu, alinikabidhi daftari jipya na kalamu nyekundu.

"Haya, msomi wetu. Tulinganishie. Usimwonee mtu, usimpendelee mtu."

Nilifurahi kana kwamba nimekabidhiwa ofisi. Nilichora jedwali la mistari ishirini na miwili: mwendo uliosomeka kwenye dashibodi, tairi, breki, moshi, kiyoyozi, urefu wa kizingiti cha mlango kutoka chini, hadi kama mkanda wa siti ya nyuma kabisa unarudi wenyewe ukiuachia. Niliamini, na bado naamini, kwamba ukiuliza maswali ya haki na kuandika majibu yote, ukweli hauna pa kujificha.

Siti saba tulizitaka kwa ajili ya Bibi, mama mzazi wa Mama. Miguu yake ilikuwa imeanza kumgomea, na kila tulipotoka naye kwenye gari la kukodi, mmoja wetu au wawili walibaki nyumbani. "Nimechoka kuhesabu nani kabaki," alisema. "Kabla sijafumba macho nataka nipande gari moja na watu wangu wote, mpige kelele mpaka niwaombe mnyamaze." Watu wake wote walikuwa Baba, Mama, mimi, wale pacha wenye miaka tisa, yeye mwenyewe, na wa saba Mjomba.

Mjomba alikuwa kitinda mimba wa Bibi na ndugu pekee wa Mama. Alikuwa fundi wa bodi za magari, mwenye gereji yake ya mabati matatu barabarani, na kila Jumapili alikula kwetu. Gari lililopondwa kama karatasi ya kufungia karanga, yeye alilirudisha likiwa na sura. Mama alikuwa akimwambia kila mteja wake, "Mdogo wangu huyo, mkono wake hauna deni na mtu." Mama naye alishona siti za magari katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, na nusu ya kazi zake zilitoka kwa Mjomba.

Kiinua mgongo cha Baba na akiba ya Mama vyote vilikuwa vinaingia kwenye gari hili. Tukikosea, lingine halipo.

Jumapili niliweka daftari mezani, katikati ya sahani. Gari jeupe lilikuwa limeshinda mistari kumi na saba. Lilikuwa limetembea nusu ya mwendo wa lile la kijivu, ndani linanukia sabuni, na mwenyewe ni mwanamke mpole aliyekuwa ametukaribisha maji ya kunywa kabla hajatuuliza shida yetu. La kijivu lilikuwa na mkwaruzo mrefu mlango wa kulia, usukani uliochakaa, na harufu ya vitunguu.

"Chukueni la kijivu," alisema Mjomba, bila kutazama daftari.

Baba aliweka kijiko chini. "Shemeji, kwa sababu gani?"

"Nimeshasema."

"Hiyo si sababu. Hiyo ni amri."

Pacha walicheka. Mjomba hakucheka, naye ni mtu ambaye huchekea hata matangazo ya redio.

"Hiyo nyeupe siipendi. Basi tu."

"Mjomba," nikamwambia, "jedwali langu halina mstari wa 'basi tu'."

"Mjibu mpwa wako," alisema Bibi, akifurahia. "Tumemsomesha kwa gharama huyo."

"Mama, na wewe!" Mjomba alijifuta midomo ingawa chakula kilikuwa bado sahanini. "Mimi ndiye fundi hapa au siye? Nikisema kitu kwenye hii nyumba siku hizi lazima nilete mashahidi?"

Simu yake ikaita. Alitazama kioo chake, akainuka, akatoka nje. Dirisha lilikuwa wazi nyuma ya kiti changu. Sikukusudia kusikiliza, lakini sikuziba masikio pia.

"Usimpe mtu," nilimsikia akisema kwa sauti ya chini. "Nishikie mpaka Jumatano. Hawa nitawaleta tu... Ndiyo. Niachie mimi."

Hawa nitawaleta tu. Hawa ndio sisi. Nikasukuma sahani yangu kando.

Usiku ule nililala na Jumamosi kichwani, siku tuliyokwenda wote kulitazama gari jeupe. Nilianza kuona mambo ambayo macho yangu yalikuwa yameyapokea bila kuyasoma. Mjomba alikuwa amevuta kofia hadi kwenye nyusi. Alimuuliza mkunga, "Imetembea kilomita ngapi, mama?" kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Akafungua boneti, akaligonga kwa kidole bati la juu ya tairi ya mbele, akainama kwenye tairi za mbele, kisha akarudi zake langoni. Nyuma hakwenda kabisa. Mjomba wangu hununua hata baiskeli kwa kuizunguka mara tatu. Fundi wa bodi anakaguaje nusu ya gari?

Niliandika mstari wa ishirini na tatu: *Kwa nini Mjomba hakwenda nyuma?* Sikuweka alama upande wowote.

Jumatatu nilikwenda peke yangu kwenye yadi ya Bwana Uhakika, eti kupima tena kizingiti cha mlango. Sikumtazamia mtu niliyemkuta. Mjomba alikuwa ameegemea lile gari la kijivu, mikono kifuani, na Bwana Uhakika anacheka huku amemshika bega.

"Kwa hiyo tumeelewana," dalali alikuwa akisema. "Na chai yako ipo palepale, uhakika."

Mjomba aliniona kwanza. Uso wake ulifungwa kama duka.

"Unafanya nini huku?"

"Shikamoo, Mjomba. Napima mlango. Na wewe?"

"Marahaba. Napita tu."

Kutoka gerejini kwake hadi pale ni upande mwingine kabisa wa mji. Hakuna mtu hupita tu.

"Binti, gari hii ni ya kwenu," alisema Bwana Uhakika, akinifungulia mlango kabla sijaomba. "Mkwaruzo unauona, kuchakaa unakuona, sijaficha kitu. Uhakika. Mjomba wako amelala chini yake saa nzima, muulize matope ya kichwani yametoka wapi."

Kweli Mjomba alikuwa na matope kwenye nywele. Saa nzima chini ya la kijivu, na hata dakika moja nyuma ya jeupe hakuwa nayo. Nilipima mlango, nikaandika tarakimu ambayo tayari nilikuwa nayo. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na machozi yakanilenga, kwa sababu nguo yenyewe ndiyo hii iliyonibeba mabegani nikiwa mdogo, ikanifundisha kuendesha baiskeli, ikasimama kwenye mahafali yangu ikipiga miluzi mpaka walinzi wakaisogelea. Kama Mjomba alikuwa anatuuza kwa chai ya dalali, basi gari lingekuwa hasara ndogo.

Nilitaka kumpa nafasi ya mwisho. Kama gari jeupe lilikuwa na kasoro ya kweli, ningeipata mwenyewe, na kushuku kwangu kungekufa. Jumanne asubuhi nilikwenda kwa mkunga.

Alikuwa anaosha gari. Watoto wake watatu walikuwa shuleni, na viatu vyao vidogo vimepangwa juu ya ukuta vikaukie jua.

"Umerudi, mwanangu? Karibu. Tazama unavyotaka, lakini mfanye haraka. Kesho saa kumi kuna mtu anakuja na mkewe na watoto wanne. Ila ninyi mlitangulia, nitawasubiri mpaka saa nane."

Nilimshukuru, nikaingia nyuma kabisa. Siti ya tatu ndiyo ingekuwa yangu na pacha, maana sisi ndio tungeweza kujikunja kupita. Nilikaa. Magoti yalienea. Mkanda ulirudi wenyewe. Nikapiga magoti sakafuni, nikachungulia chini ya siti kwa tochi ya simu, nikitafuta kutu, unyevu, chochote.

Chini ya mto wa siti, mahali ambapo kitambaa hukunjwa ndani, uzi ulikuwa wa kijani.

Kitambaa kilikuwa cheusi. Mshono wa juu ulikuwa mweusi. Lakini ule wa chini ulikuwa kijani kibichi kilichokolea, na mwisho wake ulirudi nyuma hatua tatu, kisha fundo dogo likafichwa ndani ya pindo. Hatua tatu na fundo la kufichwa. Duniani namjua mtu mmoja tu anayemaliza mshono hivyo, na ndiye aliyenizaa.

Niliukumbuka hata uzi wenyewe. Miaka miwili iliyopita nilikuwa likizo, nimekaa miguuni pa cherehani nikimtungia Mama sindano. Uzi mweusi ulikuwa umemwishia na Mjomba alikuwa anataka siti zake siku ileile. Mama akachukua wa kijani kwa upande wa chini. "Mama, wataona," nilimwambia. "Nani atapiga magoti achungulie chini ya siti?" alinijibu. "Labda mwizi."

Mwizi, au mwanaye.

"Umedondosha kitu?" mkunga aliuliza mlangoni.

"Hereni," nikasema. Sikuwa nimevaa hereni. Nilijisikia vibaya, kwani hadi siku ile nilijivuna kwamba sidanganyi watu. "Mama, hizi siti za nyuma umewahi kuzipeleka kwa fundi?"

"Mimi? Hapana. Nilivyoinunua ndivyo ilivyo. Niliinunua kwenye yadi ya magari, ni miaka miwili sasa. Kwani zina nini?"

Nilimtazama machoni nikitafuta uongo. Nilikuwa nimefika mahali pa kumshuku kila mtu, hata mwanamke anayepanga viatu vya watoto juani. Sikuona kitu ila wasiwasi unaoanza.

Njia nzima nilikuwa najaribu kupanga. Mjomba alilijua gari lile. Siti zake zilipita mikononi mwake. Jumamosi alijifanya mgeni. Kwa hiyo? Jibu nililolipata lilikuwa baya kuliko la kwanza: anajua kwamba ni zuri, anataka sisi tutoke njiani ili alichukue yeye au mteja wake, na huku Bwana Uhakika anamlipa kwa kutupeleka upande mwingine. Ndege wawili, jiwe moja. Nilikuwa na ushahidi hadi wa uzi.

Mama alikuwa anakata kitambaa nilipofika. Sikuketi. Nilimwambia yote, simu ya dirishani, yadi, chai, kofia, na mwisho uzi wa kijani. Nilitarajia angekasirika. Alipofika kwenye uzi aliacha mkasi ndani ya kitambaa, wazi.

"Una uhakika ni siti ya tatu?"

"Nimeona mkono wako, Mama. Hatua tatu na fundo."

Aligeuza kidole chake cha shahada, akaniwekea mbele. Kwenye ncha kulikuwa na kovu jeupe, dogo kama punje ya mchele.

"Hili unalikumbuka?"

"Sindano."

"Si sindano. Kioo. Siti ile ililetwa hapa na mjomba wako, siti tupu, gari sikuiona. Nilipofumua, ndani ya mishono kulikuwa na chembe za vioo. Na ndani ya sponji. Nilichota kijiko kizima. Nikamuuliza, akasema watoto walirusha mpira ukavunja kioo cha nyuma. Nikamwamini, nikashona." Alikunja kidole. "Mpira wa watoto unasukuma kioo mpaka kiingie ndani ya sponji?"

Hakunisubiri nijibu. Alichukua kisu chake kidogo cha kufumulia, akakifunga ndani ya kitambaa, akafunga mlango wa chumba cha kazi huku mteja akija kutoka ng'ambo ya barabara.

"Mama, mteja..."

"Atarudi. Twende kwa mjomba wako."

Mjomba alikuwa peke yake gerejini, anapiga msasa mlango wa gari. Alimwona dada yake, akazima mashine. Nadhani alijua kabla hatujafungua midomo. Mama hakuwahi kwenda gerejini saa za kazi.

"Dada. Kuna nini? Mama mzima?"

"Mama mzima. Ile siti ya vioo, ulitoa wapi?"

"Siti gani tena, dada, siti ni..."

"Usinizungushe. Nimekubeba mgongoni, mimi. Ulitoa wapi?"

Mjomba alinitazama mimi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, hotuba yote ipo kichwani, na nikaona kwamba midomo yake inatetemeka kama ya mmoja wa pacha aliyekamatwa na sukari.

"Ni hiyo hiyo," alisema. "Nyeupe."

Akaketi juu ya tairi na kusema yote, akitazama mikono yake. Gari lile liligongwa nyuma na lori. Nyuma yote ilikunjwa hadi kwenye siti ya tatu. Mwenye yadi ile alikonunua mkunga, si Bwana Uhakika bali mtu mwingine aliyekuwa anampa Mjomba nusu ya kazi zake, alilinunua kama chuma chakavu akamletea. Mjomba alilikata nyuma ya milango ya pili, akatafuta gari lingine la aina ile lililoungua injini, akakata mkia wake, akaunga. Akachomelea, akaziba maungio kwa puti, akapaka rangi, akatandika zulia. Siti za gari la pili zilikuwa zimeharibika, ndipo akamletea Mama zile za kwanza, zenye vioo.

"Niliifanya vizuri," alisema. "Sijawahi kuunga kitu vizuri vile. Lakini kuunga ni kuunga, dada. Ikipigwa tena pale nyuma, inafunguka kama kopo. Hiyo gari mnayoiona moja ni mbili."

Nilifungua daftari langu bila sababu, nikalifunga. Mistari ishirini na mitatu. Nilikuwa nalinganisha magari mawili, kumbe yalikuwa matatu.

"Na Bwana Uhakika?" nikauliza. Sauti yangu haikuwa ile niliyoiandaa. "Chai?"

"Nilimwomba asiuze kijivu mpaka mkubali. Chai alitaka kunipa, nikamwambia aipunguze kwenye bei ya baba yako. Ndio tulikuwa tumeelewana." Alijipangusa uso kwa mkono wenye vumbi. "Unafikiri ningewauza nyinyi? Huko nyuma angekaa nani? Si ungekaa wewe na wale wawili?"

"Sasa kwa nini hukusema?" Mama alipaza sauti, naye hapazi sauti. "Jumapili nzima unatuambia basi tu, basi tu!"

"Ningeanzia wapi? Mama yupo mezani. Wewe unawaambia watu mkono wangu hauna deni. Niseme, jamani, deni lenyewe lipo nje kwa mkunga, limepakwa rangi nyeupe?"

Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli. Nilitamani kumwomba msamaha, na nilitamani pia kumpiga kwa daftari, na vyote viwili vilikuwa vya kweli. Kisha nikakumbuka vile viatu juu ya ukuta.

"Mjomba, kesho saa kumi kuna watu wanakuja kuinunua. Wana watoto wanne."

"Najua unachotaka kusema."

"Na mwenyewe ana watatu. Amekuwa akiwapeleka shule nayo miaka miwili."

"Msomi, nikimwambia, atakwenda kwa mwenye yadi. Mwenye yadi atajua nani kasema. Hii gereji," alionyesha mabati matatu juu yetu, "nusu yake ni yule mtu."

"Basi ibaki nusu," alisema Mama. Alikuwa ameshafungua kitambaa chake na kukitazama kile kisu. "Mimi nakwenda kufumua kazi yangu. Wewe kama hutaki kuja, nitamwambia mwenyewe, lakini nitalitaja jina la aliyeunga, na ni jina alilochagua baba yetu."

Mjomba alikaa pale juu ya tairi muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akatundika koti lake la kazi kwenye msumari, akavua kofia, akaiacha juu yake.

Mkunga alifurahi kutuona watatu. Alidhani tumekuja kulichukua. Alikuwa ameanza kusema kuhusu ufunguo wa pili, ndipo Mjomba akasimama mbele yake, kichwa wazi.

"Mama, mimi ndiye niliyeitengeneza hii gari kabla hujainunua."

Alimweleza kwa maneno machache. Kila aliposita, mkunga alisema, "Endelea," kwa ile sauti ambayo nadhani huwaambia wanawake wasukume. Alipomaliza, mkunga hakupiga kelele.

"Jumamosi ulinisalimia."

"Ndiyo."

"Uliniuliza imetembea kilomita ngapi."

"Ndiyo, mama."

"Ukijua."

"Nikijua."

Mkunga aligeuka akatazama siti ya tatu kupitia kioo. "Wa mwisho hupenda kukaa huko. Husema ni chumba chake." Akafungua mlango wa nyuma. "Nionyesheni."

Mama alipiga magoti. Alikata uzi wake wa kijani, fundo, hatua tatu, kisha akaendelea na pindo la zulia ambalo nalo alilishona yeye, lilipoletwa pamoja na siti. Zulia likatoka kama ngozi. Chini yake, kutoka ukuta mmoja wa gari hadi mwingine, kulikuwa na mstari ulionyooka, umezibwa kwa puti na kupakwa rangi kwa uangalifu mkubwa. Ulikuwa mstari mzuri. Mjomba aliutazama kidogo akageuza uso.

"Wewe ndiye uliyeshona?" mkunga akamuuliza Mama.

"Ni mimi. Sikujua. Niliona kioo, nikakubali hadithi ya mpira, kwa sababu aliyenihadithia ni mdogo wangu."

Mkunga aliketi kwenye kizingiti cha mlango, zile sentimita arobaini na nane nilizoziandika kwenye daftari. Alitoa simu, akampigia yule mnunuzi wa kesho kabla hajatuambia sisi neno. "Msije. Hapana, si bei. Hiyo gari siiuzi kwa mtu mwenye watoto." Akakata. Kisha akamtazama Mjomba. "Utakuja na mimi kwa huyo mwenye yadi? Utasema mbele yake ulivyosema mbele yangu?"

Mjomba aligeuka akamtazama usoni.

"Nitakuja. Na kama anataka kwa maandishi, huyu hapa ana daftari."

Niliandika palepale, juu ya boneti, kwa mwandiko wangu bora. Mjomba alisoma, akaweka saini, na kidole gumba juu ya saini ingawa hakuna aliyemwomba.

Mwenye yadi alikana wiki nzima. Aliposikia neno polisi mara ya pili alirudisha sehemu kubwa ya pesa, na tangu siku hiyo hakumpelekea Mjomba hata bawaba. Mkunga alikuwa na sharti moja: gari likatwe palepale lilipounganishwa, na yeye awepo. Mjomba alilikata Ijumaa mchana. Mkunga alisimama na mkoba wake wa kazi begani mpaka vipande viwili vikaachana, ndipo akaondoka. Hakumpa Mjomba mkono. Alimpa Mama.

La kijivu tulilichukua Jumamosi iliyofuata. Kabla hatujalipa, niliomba kuinua zulia la nyuma mwenyewe, nikiwa na tochi na kisu cha Mama, mbele ya watu wote. Bwana Uhakika alitaka kuudhika. Mjomba akamzuia.

"Mwache akague," alisema. "Kwangu pia akague."

Nilikagua. Chuma kilikuwa kizima kutoka ukuta hadi ukuta, na uzi ulikuwa wa kiwandani, mweusi juu na mweusi chini. Mkwaruzo wa mlangoni nilishaujua. Vitunguu pia.

Nyumbani, Bibi alitoka na fimbo yake, amevaa nguo ya sikukuu. Tulikuwa tumemweleza yote siku iliyotangulia. Alikuwa amesikiliza hadi mwisho na kuomba maji tu. Pacha walikimbilia siti ya tatu wakigombana.

"Tokeni," alisema Bibi. "Leo huko nyuma anakaa mwanangu."

"Mama, miguu yangu haienei huko," alisema Mjomba.

"Itaenea."

Mjomba, mtu mrefu kuliko Baba, alijikunja akapita katikati ya siti, akakaa nyuma kabisa, magoti karibu na kidevu. Nikaingia nikakaa kando yake, na pacha mmoja akajipenyeza upande wa pili. Mama aliinama kupitia mlango, akachungulia mkanda wa mdogo wake, akauvuta kuhakikisha umeingia, kama alivyowafanyia pacha.

Baba akawasha gari. Wale pacha wakaanza kuimba, mmoja mbele na mmoja nyuma, kila mmoja wimbo wake. Tulikuwa hatujafika hata kona ya kwanza Bibi alipotuomba tunyamaze.